Kitambaa cha Kijani

Sumeya alikuwa amejiandaa kukuta moshi wa sigara na wanaume wanaotukanana. Hivyo ndivyo karata zilivyochezwa nyuma ya maduka ya Majengo, mtaani kwao, na ndiyo maana baba yake aliziita makaratasi ya shetani na kuapa kwamba hakuna hata moja itakayovuka kizingiti chake. Alichokikuta katika ukumbi wa ile hoteli kongwe ya Thika, kando ya maporomoko ya Chania, ni watu wazima waliovaa vizuri, wanaonong'ona kama walio chumbani kwa mgonjwa.

Hakuna aliyekuwa akicheza. Hilo lilimshangaza kuliko yote. Mzee mmoja mwenye tai alikuwa ameleta jokeri tupu, meza nzima, na alipomwona Sumeya anatazama akamwonyesha anayempenda kuliko wote, jokeri mwenye macho ya huzuni. Mama mmoja alinusa karata kabla ya kuigusa, kama anayechagua samaki. Dada aliyekaa mlangoni alikuwa amekwisha kumwambia kwa upole kwamba kuchanganya karata humo ndani ni kosa, kwa kuwa nyingine zina umri wa babu yake, na Sumeya akajibu kwamba hata kuzichanganya hajui.

Ulikuwa mkutano wa wakusanyaji karata, wa kwanza kufanyika Thika. Kwa Sumeya ulikuwa wa kwanza popote. Asingejua kwamba kuna watu wa namna hiyo duniani lau si Ronny, na asingethubutu kuja lau si kile alichokibeba mkobani, kimekunjwa ndani ya leso: malkia wa kopa.

Ronny Omondi alikuwa mchapaji kule Ruiru, katika karakana ndogo inayochapa kadi za harusi na kalenda za maduka. Walikutana mwaka uliotangulia, Ayub, kaka yake Sumeya, alipokuwa anaoa, na Sumeya akatumwa kuagiza kadi. Ronny alimwambia kwamba ule wino wa dhahabu anaoutaka baba yake utawabaki wageni vidoleni, kila mtu arudi kwake na harusi mkononi. Sumeya akacheka. Kisha akarudi kukagua mfano wa kadi. Kisha akarudi kukagua kitu ambacho hakikuhitaji kukaguliwa. Harusi ya Ayub ikapita, wali ukaliwa, kadi zikatupwa, na bado kila wiki chuo cha ushonaji alikosoma kilihitaji zipu fulani zisizopatikana kokote ila Ruiru.

Karata zilikuwa ugonjwa wa Ronny. Mzee aliyemfunza kazi alichora na kuchapa seti moja tu maishani mwake, kisha akavunja vibao vya kuchapia ili isije ikapata pacha. Alipofariki, alimwachia Ronny seti hiyo. Wafalme wake walivaa ngozi za mbega. Malkia wa kopa, mwenye alama nyekundu za moyo pembeni, alikuwa msichana aliyejifunga leso, ameshika tawi la kahawa lililojaa buni mbivu. Siku moja Ronny alimchomoa katika seti na kumpa Sumeya mbele ya wenzake wote wa karakanani. Alisema hawezi tena kumtazama huyo wa kwenye karata, maana kila akimtazama anamwona mwingine. Wenzake wakapiga mluzi. Sumeya akaenda nyumbani hajui anakanyaga wapi.

Hapo ndipo walipokuwa, furaha tupu, mpaka jina la Mahir lilipoingia nyumbani kama la mposaji.

Mahir hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuuma Sumeya. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa mpole, alimheshimu mama yake, na baba zao waliswali safu moja tangu ujana. Laiti angekuwa mlevi au mkatili, mtu angepata la kusema. Ronny kwa upande wake alikuwa Mkristo kutoka Siaya, hana duka wala baba aliye hai, na kila Sumeya alipojaribu kulitaja jina lake mbele ya baba, ulimi ulikwama. Tangu utotoni alikuwa hivyo. Maneno mazito yalimfika kooni yakakaa hapo.

Ronny alilijua hilo. Jumapili iliyopita, karakana ikiwa imefungwa, Sumeya alimweleza habari za Mahir huku akitazama mashine ya kukatia karatasi. Alitarajia hasira. Ronny akasema jambo ambalo hakulitarajia.

"Nimeenda kwa imamu wa hapa Ruiru. Hakunifukuza. Alinipa vitabu, akaniambia nisiharakishe na nisije kwa sababu ya msichana. Nikamwambia sababu ninayo, siwezi kumdanganya, lakini vitabu ninasoma."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Sikutaka iwe mzigo kwako." Aliushika mkono wake, akauachia. "Nitaenda kwa baba yako. Anifukuze, anitukane, nitarudi. Lakini siwezi kusimama pale kama sijui wewe mwenyewe unasema nini. Na najua kusema ni shida kwako. Basi usiseme. Jumamosi nitakuwa pale Chania kwenye mkutano wa karata. Niletee malkia, uniwekee mkononi. Mkononi, Sume. Ukiniwekea, Jumapili asubuhi niko kwenu."

"Na nisipokuwekea?"

"Utakaa naye. Ni wako tangu siku ile."

Siku nne baadaye, Shangazi Kulthum aliingia chumbani kwa Sumeya akafunga mlango. Alikaa kitandani, akamshika magoti, akamwambia kwamba watu wa Mahir wanataka kuja Jumamosi baada ya alasiri, na baba yake hataki kumlazimisha mtu. Anataka jibu lake. Sumeya alifungua mdomo. Alimwona Ronny, akamwona baba yake akikunja mswala, akaona nyuso zote za Majengo zikigeuka. Hakuna kilichotoka. Shangazi akauliza tena, na mara ya tatu, kwa sauti ya chini zaidi. Machozi yalimtoka Sumeya, na machozi nayo si neno.

"Alhamdulillahi," Shangazi alisema, akambusu paji la uso. Mwari huona haya. Akinyamaza, amekubali. Ndivyo walivyoolewa shangazi mwenyewe na mama yake Sumeya, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba kuna kimya cha namna nyingine. Ndani ya dakika chache nyumba nzima ilikuwa inanukia iliki.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo Sumeya alidanganya kwamba anaenda kuchukua gauni kwa fundi, akaja Chania. Alikuwa na jambo moja tu la kufanya, na halikuhitaji neno lolote. Kuweka karata mkononi mwa mtu. Hilo angeliweza.

Meza ya Ronny aliitambua kwa mbali. Seti ya yule mzee ilikuwa imepangwa juu ya kitambaa cheupe, mistari minne, na katika mstari wa kopa kulikuwa na pengo. Watu walikuwa wakilionyeshana kwa kidole. Ronny hakuwapo. Jirani yake, yule mzee wa jokeri, alisema kijana amekwenda kuleta chai ya watu wawili. Alisema hivyo huku akitabasamu, na Sumeya akahisi uso unawaka. Ronny alikuwa na hakika atakuja.

Alitoa leso, akaikunjua. Alitaka kumlaza malkia ndani ya pengo lake, Ronny arudi na vikombe vyake akute mstari umejaa. Lakini juu ya karata kulikuwa na kioo kizito kilichofunika seti nzima dhidi ya mikono ya watu. Vidole vyake vilikuwa vinatoa jasho, na aliogopa kuuharibu uso wa karata. Basi akamweka malkia nje kidogo ya kioo, pale ukingoni mwa meza palipotandikwa kipande cha kitambaa cha kijani, uso ukiwa juu, sawasawa na lile pengo. Kisha akapangusa viganja kwenye gauni na kungoja.

Hakukawia kusikia pumzi ya mtu begani.

"Haiya," mama mmoja alinong'ona. "Yuko hapa."

Alikuwa Mwalimu Warigia, mwalimu mstaafu wa Ruiru, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alikuwa na seti nyingi nyumbani kuliko vyombo, na alikuwa ameitafuta hii moja miaka mingi, kwa kuwa baba yake alichuma kahawa katika shamba lilelile lililochorwa kwenye karata hizo. Hakumuuliza Sumeya lolote. Alifungua pochi, akatoa karata moja ya kale, kingo zake za dhahabu, akailaza juu ya malkia kwa uangalifu kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

Minong'ono ikakoma. Watu wakasogea. Mzee Muthoka, mwenyekiti wa mkutano, akanyanyuka na kugonga kikombe kwa kijiko.

Sumeya hakuelewa. Ni mzee wa jokeri aliyemweleza, haraka na kwa sauti ya chini. Kitambaa cheupe ni cha kutazama. Cha kijani ni cha kubadilishana. Ukiweka karata juu ya kijani umeitoa, na mwenzako akiifunika kwa yake, mwenyekiti atakuuliza mara tatu. Ukisema hapana, unachukua yako na hakuna kinyongo. Usiposema kitu, imekwenda.

"Sikujua," Sumeya alisema.

"Si neno, binti. Ukiulizwa, sema tu hapana."

Sema tu. Aligeuka, na hapo ndipo alipomwona Ronny. Alisimama nyuma ya watu, vikombe viwili mikononi, na macho yake yalikuwa pale juu ya kijani. Sumeya aliuona uso ule ukijifunga, polepole, kama duka linaloteremsha mabati. Alitaka kumwambia. Ronny akamtangulia.

"Hukuhitaji kuja mpaka huku, Sume," alisema taratibu. "Ungekaa naye tu, ningeelewa. Kumtoa hivi mbele ya watu..." Hakumaliza.

Sumeya alitikisa kichwa kwa nguvu, lakini watu wawili walikuwa kati yao na Mzee Muthoka alikuwa ameanza kazi yake. Aliuliza kwanza karata ni ya nani. Kila mtu akamtazama Ronny, na Ronny, ambaye neno moja la uongo lingemtosha, akasema kweli. Alisema alimpa huyu dada mbele ya mashahidi. Ni yake, na jibu ni lake.

"Mwenye karata," Mzee Muthoka alisema, "unakubali?"

Sumeya alivuta pumzi. Neno lilikuwa fupi, na kwa mara ya kwanza maishani alilisikia likipanda bila kukwama. Lilifika kooni. Likafika nyuma ya meno.

Mlango wa ukumbi ukafunguka, akaingia Ayub.

Alikuwa amevaa kanzu ya wageni na kofia aliyoozwa nayo. Dada wa mlangoni alikuwa anajaribu kumweleza jambo, yeye hasikii, anatafuta kwa macho. Alipomwona dada yake katikati ya duara la watu na karata, alisimama pale pale. Hakuwa na hasira. Sumeya angeimudu hasira. Kaka yake alikuwa na sura ya mtu aliyefungua mlango wa bafu kwa bahati mbaya, anatamani asingeona.

Kusema hapana sasa kulikuwa kusema yote. Wangemuuliza kwa nini, na jibu la kwa nini lilikuwa limesimama na vikombe viwili vya chai, halafu Ayub angelibeba jibu hilo mpaka sebuleni kwa baba, mbele ya baba yake Mahir, mbele ya sinia la posa.

"Mwenye karata, unakubali?"

Alimtazama Ronny. Ronny alitazama chai.

Nje, maji ya Chania yalikuwa yakianguka bila kupumzika. Sumeya alifumba macho. Alilisukuma lile neno kwa nguvu zote alizokuwa nazo, likarudi chini lilikotoka, likakaa.

"Mara ya tatu, binti yangu. Unakubali?"

Kijiko kikagonga kikombe. Mzee Muthoka akasema imekubaliwa, na watu wakapiga makofi kidogo, kwa adabu. Mwalimu Warigia akamwinua malkia kwa ncha za vidole. Alikuwa na machozi ya furaha, akamgeukia Sumeya amshukuru, akauona uso wake, na shukrani ikamfia mdomoni.

Mkono ukamshika Sumeya kiwiko. "Twende," Ayub alisema. "Wageni wamekwisha vua viatu."

Pikapu ya baba yao ilikuwa chini ya mti, nyuma kuna viti vya kukodi ambavyo Ayub alitumwa kuvileta; fundi wa gauni alikuwa amemwona Sumeya akielekea Chania, akamwelekeza. Alimfungulia dada yake mlango, akazunguka, akakaa nyuma ya usukani bila kuwasha. Aliuliza tu, huku akitazama mbele, alimjuaje yule mwenye vikombe, kwa maana sura yake si ngeni. Kisha akajijibu mwenyewe. Ndiye aliyechapa kadi zake za harusi.

Sumeya alikuwa analia bila sauti. Alitaka kumweleza kaka yake habari za vitambaa, kwamba aliweka mahali pasipopaswa, kwamba hakutoa, kwamba alikuwa anarudisha. Yote yalisikika kama upuuzi hata kichwani mwake. Nani angeamini kwamba maisha ya mtu yamegeuka kwa sababu ya rangi ya kitambaa?

Ayub akawasha gari. Hapo ndipo Ronny alipotokea akikimbia kutoka upande wa ukumbi, shati limechomoka, chai imemwagika kifuani. Alifika upande wa Sumeya akasimama, akihema, akabandika kitu kwenye kioo cha mlango.

Leso, tawi, buni nyekundu. Malkia wa kopa.

"Nimempa zote," alisema. Sauti ilipita kwenye kioo kama ya mtu aliye ndani ya maji. "Mwalimu. Nimempa seti nzima anirudishie huyu. Mzee wa jokeri ameniambia hukujua. Sume, ni kweli hukujua?"

Seti nzima. Kumbukumbu pekee ya yule mzee, karata ambazo watu walikuwa wametoka mbali kuzitazama chini ya kioo, na Ronny alikuwa amezibadilisha kwa karatasi moja. Sumeya alitafuta hendeli ya kushushia kioo, akapapasa mlango mzima. Haikuwapo. Ilichomoka zamani, na Ayub aliiweka kwenye kisanduku cha mbele ili wezi wasishushe kioo. Sumeya aliweka kiganja chake kwenye kioo, upande wa ndani wa ile karata. Hilo tu ndilo aliloweza.

Ayub aliwatazama wote wawili. Wiki nzima alikuwa ameona dada yake hali chakula, na siku mbili hizi mke wake alikuwa amemwambia aulize, naye akajibu kwamba Shangazi amekwisha kuuliza. Aliondoa mguu kwenye mafuta.

"Huyu ndiye?" aliuliza.

Sumeya hakujibu.

"Sumeya. Ndiye yeye?"

Midomo yake ilitetemeka, na hakikutoka kitu.

"Nakuuliza mara ya tatu, na sitauliza tena." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Unampenda mtu huyu?"

Ndani ya pikapu kulikuwa na ngurumo ya injini tu. Ayub alingoja, muda mrefu kuliko alivyongoja Mzee Muthoka, muda mrefu kuliko alivyongoja Shangazi. Kisha akashusha pumzi.

"Basi nimesikia," alisema.

Alifungua kisanduku, akatoa hendeli, akaiweka mapajani mwa dada yake. Alisema hana la kumwambia baba. Alisema watu wako sebuleni na hawezi kuwarudisha kwa sababu ya karata, na kama Sumeya alidhani kaka yake ana nguvu hizo, amekosea. Nyumbani watakwenda, sasa hivi. Lakini mlango wa upande wake ni wake, na kioo hicho alishushe mwenyewe.

Sumeya alikosa tundu, akakosa tena, hendeli ikaingia. Kioo kilishuka kwa mlio, kikafika kiasi cha upana wa vidole, kikagoma. Kelele za maji zikaingia. Ronny aliipitisha karata katika ule ufa, ikaanguka mapajani mwa Sumeya, uso juu.

Sumeya aliichukua. Aliitazama kwa mara ya mwisho, yule msichana na tawi lake, ambaye sasa hakuwa na mfalme wala seti ya kurudia. Kisha akaigeuza, akaipenyeza tena nje kupitia ufa uleule.

Ronny alitaka kurudi nyuma bila kuipokea, na uso wake ukaanza kujifunga upya. Sumeya akatikisa kichwa. Alipitisha vidole vyake, vilivyoweza kupita, akauvuta mkono wa Ronny mpaka kwenye kioo, akakifungua kile kiganja kidole kwa kidole, akamlaza malkia humo, kisha akakifunga.

Mkononi.

Alimwona akielewa. Aliona macho yake yakijaa. Hakuwa na nafasi ya kuona zaidi, kwa kuwa Ayub alikuwa ameingiza gia, na viti vya kukodi vikaanza kugongana nyuma yao, kuelekea Majengo, ambako sinia lilikuwa limeshafunuliwa na baba yake alikuwa akiulizia binti yake yuko wapi.